Mawe ya kijito yameota utelezi wa kijani: je, ni urea yangu?

“Papa agronomu, jambo. Nalima kabichi, vitunguu na lengalenga upande wa Mudaka, kwenye shamba la ari 20 (mita za mraba 2,000) linaloteremka mpaka kijitoni. Kila msimu nanunua urea kilo 25. Naimwaga yote siku ya kuhamisha miche, juu juu tu, maana nikishapanda nashuka Bukavu kuuza na sirudi haraka. Nina nguruwe watatu. Banda lao liko karibu na maji ili kulisafisha kuwe rahisi, na samadi yao nairundika hapo hapo. Huu sasa ni mwaka wa tatu: ikifika Juni, mawe ya kijito yanaota utelezi wa kijani na maji yananuka. Mwezi uliopita tilapia wa shemeji yangu, mwenye bwawa chini ya shamba langu, walielea asubuhi. Anasema ni sumu ya urea yangu, na majirani wanamuunga mkono. Mimi nasema urea yangu ni kidogo, na samadi ni kitu cha asili, haiwezi kudhuru. Niache mbolea kabisa? Na maji ya kijito tunayokunywa, tukiyachemsha yanatosha? Nina mjukuu wa miezi miwili nyumbani.”

Mama, jambo sana. Nianze na mwisho wa swali lako, kwa sababu mjukuu wa miezi miwili hawezi kungoja mpaka nimalize maneno ya mbolea. Kama ananyonya titi la mama yake peke yake, endeleeni hivyo hivyo, ndiyo kinga yake. Lakini kama anapewa maziwa ya kopo au uji uliokorogwa kwa maji ya kijito hicho, acheni leo. Tafuteni maji ya chemchemi iliyojengwa, ile iliyo juu ya mashamba, vyoo na mabanda, na hayo nayo myachemshe kabla ya kumpa.

Kuchemsha maji ya kijito hakutoshi kwa mtoto huyo, na hapa watu wengi wanakosea. Moto unaua vijidudu vya kuharisha na vya kipindupindu, na kwenu watu wazima hiyo ni kazi kubwa, msiiache. Ila nitrati si kijidudu. Ni chumvi iliyoyeyuka. Unajua supu ikikaa sana motoni: maji yanapungua na chumvi inazidi kuuma. Nitrati ni vivyo hivyo, mvuke unatoka na yenyewe inabaki sufuriani. Ikiingia tumboni mwa mtoto mchanga inageuka nitriti, na nitriti inazuia damu kubeba oksijeni. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 50 za nitrati kwa lita moja ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wa umri huo. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Maji yanaweza kung'aa kama kioo na yakawa nayo tele.

Mkimwona mtoto midomo au kucha zinageuka rangi ya bluu ya kijivu, anahema kwa shida au amelegea, msitafute dawa ya nyumbani. Mpelekeni kituo cha afya saa hiyo hiyo, na mwambieni daktari au muuguzi maji gani mnatumia.

Sasa tuje kwa shemeji yako na tilapia wake.

Neno “sumu” ndilo linaloharibu mazungumzo yenu. Urea ni chakula cha mmea. Kabichi inaila, na mwani, huo utelezi wa kijani, nao unaila. Kinachofika majini kutoka mashambani ni chakula kilichokosa mlaji shambani, na kikifika kijitoni au bwawani kinamlisha yeyote anayekikuta. Mwani unanawiri, unakuwa mwingi, na mchana kuna jua unatoa oksijeni kwa wingi. Usiku hakuna jua. Hapo mwani wenyewe unahema kama sisi, pamoja na vijidudu vinavyoozesha ule uliokufa chini, na wote wanavuta oksijeni ile ile iliyomo majini. Inapungua saa baada ya saa. Saa yenye hewa kidogo kuliko zote ni ile ya alfajiri, kabla jua halijapiga maji.

Ndiyo maana ninakuuliza: hao samaki, kabla ya kufa, kuna mtu aliyewaona alfajiri wamepanda juu, vinywa vimefunguka usoni pa maji kama wanaokunywa hewa? Kama ndiyo, yaelekea hakuna aliyewatilia sumu. Walikosa pumzi. Kama walikufa mchana wa jua, na pamoja nao mkaokota kaa, vyura na wadudu wa maji, basi fikirieni dawa ya wadudu: pengine mtu aliosha pompi ya kunyunyizia dawa hapo juu. Hiyo kweli ni sumu, na ni habari nyingine kabisa. Kwa jinsi ulivyoeleza, walielea asubuhi, kiangazi, maji ya kijani yenye harufu, mimi naelekea kwenye ukosefu wa hewa.

Basi hicho chakula kinatokaje shambani mpaka majini? Hapa naomba uwe mvumilivu nami, maana bila kuelewa njia zake utatibu mguu wakati kinachouma ni mkono. Virutubisho viwili ndivyo vinavyofanya kazi hii: nitrojeni, ile tunayoiita azoti kwenye mifuko, na fosforasi. Wanatoka shamba moja lakini hawapiti njia moja.

Nitrojeni ndiyo mwepesi wa safari. Urea ukiimwaga kwenye udongo wenye unyevu, ndani ya siku chache inageuka amonia. Sehemu ya hiyo amonia, kama mbolea iko juu juu, inapaa hewani. Ile harufu inayochoma pua ni pesa yako inaondoka. Inayobaki udongo unaishika vizuri. Lakini kwa wiki kadhaa zinazofuata, vijidudu vya udongo vinaigeuza nitrati, na nitrati udongo wenu hauishiki kwa nguvu. Inayeyuka na kufuata maji popote yanapokwenda. Mvua ikizidi kiasi ambacho mizizi inaweza kunywa, maji yanazama chini, yanapita mizizi, yanakutana na maji ya ardhini, na baada ya wiki, miezi au hata miaka yanatokea kama chemchemi kwenye ukingo wa kijito. Hukuona matope, hukuona mtaro, na nitrojeni imeshafika.

Sasa angalia siku unayoiweka wewe. Mche wa kabichi siku ya kuhamishwa una mizizi mifupi kama kidole. Kwa siku kumi za kwanza unapambana kuishi tu, haujaanza kula. Wewe umeshaweka chakula chote cha msimu mezani, na mgeni bado yuko njiani. Kwenu inanyesha karibu milimita 1,500 kwa mwaka, nyingi kati ya Septemba na Mei. Kabichi ikifika wiki ya tano, pale inapotaka kula kweli kweli, meza imeshasafishwa na mvua.

Kiasi chako si kikubwa, hilo nakupa haki. Urea ina nitrojeni asilimia 46. Kilo zako 25 zina nitrojeni kilo 11 na nusu, na kwa ari 20 ni kama kilo 57 kwa hekta. Kabichi inayozaa vizuri inaweza kutaka maradufu ya hiyo. Kwa hiyo majirani wanaosema unamwaga mbolea kupita kiasi wamekosea. Kosa liko kwenye siku na namna ya kuiweka.

Kuna nitrojeni nyingine ambayo hakuna mtu aliyeinunua. Udongo uliokauka Juni mpaka Agosti ukipata mvua ya kwanza ya Septemba, vijidudu vilivyokuwa vimelala vinaamka kwa kishindo, na samadi ya zamani na mabaki yanaoza haraka. Mtafiti Birch aliyaeleza haya miaka ya 1950 akiwa Muguga, Kenya, na kuna wanaoliita jambo hilo kwa jina lake mpaka leo. Maana yake kwako ni kwamba wiki za kwanza za mvua shamba lako lina nitrati nyingi hata kabla hujafungua mfuko, na wakati huo mara nyingi shamba liko wazi, halina mmea wa kuila.

Fosforasi ni tofauti kabisa. Udongo mwekundu wa kwenu Kabare una chuma kingi, na chuma hicho kinaikamata fosforasi kwa nguvu sana. Ndiyo sababu unaweza kuweka DAP, mbolea yenye fosforasi, na kabichi bado ikawa na njaa. Fosforasi haizami chini na maji kama nitrati. Yenyewe inapanda udongo kama abiria anavyopanda pikipiki: udongo ukiondoka, nayo inaondoka. Katika milima yetu, hii ndiyo njia pana kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika, kwa sababu watu wamezoea kuona kijito chekundu kila Oktoba na wanadhani ndiyo rangi yake.

Fanya jambo moja. Siku mvua inataka kuanza, chukua sahani nyeupe ya bati, iweke chini pembeni ya sehemu iliyolimwa ambayo haijafunikwa na kitu. Nyingine iweke chini ya migomba, pale penye majani makavu yaliyotandazwa. Mvua ikipita, zitazame. Ya kwanza itakuwa imetapakaa madoa mekundu, kila doa ni chembe za udongo zilizorushwa na tone moja la mvua. Ya pili itakuwa karibu safi. Mmomonyoko unaanza pale, na tone, kabla hata maji hayajaanza kutiririka. Baada ya hapo chembe laini zinaziba vitundu vya udongo, maji yanakosa pa kuingia, yanateremka juu juu, yanachimba vijifereji, na vijifereji vinakutana. Tena maji hayachagui mawe. Yanabeba kwanza zile chembe laini na majani yaliyooza, yaani pale pale rutuba ilipo.

Hebu tupige hesabu. Udongo wa unene wa milimita moja tu ukiondoka kwenye hekta moja ni kama tani 12. Udongo wa juu wenye rutuba ya wastani una nitrojeni kama kilo 2 kwa tani. Hizo ni kilo 24, sawa na mfuko mzima wa urea wa kilo 50. Juu yake kuna fosforasi kilo kadhaa. Kwenye ari 20 zako, milimita moja ni tani mbili na zaidi za udongo na nitrojeni kama kilo 5, karibu nusu ya ile unayonunua. Na shamba la kuteremka lisilo na kizuizi halipotezi milimita moja tu kwa mwaka wa mvua nyingi. Nyingi ya nitrojeni hiyo imefungwa kwenye mabaki ya mimea na mwani hauwezi kuila siku hiyo hiyo, lazima ioze kwanza. Ila wewe umeipoteza tayari.

Na ile fosforasi iliyoshikwa na chuma, ikifika bwawani kwa shemeji, inatulia na matope chini. Hapo watu wanadhani imekwisha. Haijakwisha. Chini ya bwawa penye matope mazito oksijeni inapokwisha, kile chuma kinabadilika, kinafungua mkono, na fosforasi inayeyuka kwenye maji. Bwawa lenye matope ya miaka mitatu ni kama ghala. Hata kama wote mlio juu mngeacha kulima kesho, mwaka ujao lingeweza kuota kijani tena kwa akiba yake lenyewe. Shemeji analazimika kulisikia hili: sehemu ya dawa iko mikononi mwake. Akaushe bwawa, atoe matope, na matope hayo yarudi shambani, kwako au kwake.

Sasa samadi. Mama, hapa ndipo sikubaliani nawe, na nakwambia kwa upendo. Kijito hakijui kama nitrojeni imetoka kiwandani au tumboni mwa nguruwe. Ni ile ile. Samadi ni nzuri sana kwa udongo wenu, ningekusikitikia kama usingekuwa nayo, lakini inasaidia ikiwa ndani ya udongo. Ikiwa kwenye rundo ukingoni mwa maji, haina paa, kila mvua inaisuuza kama majani ya chai. Tena ina fosforasi ambayo haijashikwa na chuma, kwa hiyo yenyewe haihitaji kupanda udongo, inateremka ikiwa imeyeyuka. Na ina vijidudu vya kuharisha. Urea haina.

Na kuna swali ambalo halikuulizwa: kwa nini Juni? Mvua ndiyo inayobeba udongo na mbolea, na mvua inakwisha Mei. Ingekuwa haki kijito kiwe kijani Novemba. Novemba maji ni mengi, yana kasi, ni mekundu, jua halipenyi, mwani hauna pa kushika. Juni maji yanapungua, yanatulia, yanang'aa, jua linafika mpaka kwenye mawe. Ndipo chakula kilicholetwa msimu mzima kinaonekana. Lakini cha Juni kina chanzo chake pia. Kiangazi kijito kinalishwa na maji ya ardhini, yenye nitrati iliyozama wakati wa mvua, pamoja na kitu chochote kinachomwagwa moja kwa moja ndani yake. Urea haimwagwi Juni. Banda la nguruwe linaoshwa hata Juni na Julai, ndani ya maji ambayo yamebaki kidogo kiasi cha kuvukwa bila kulowesha goti.

Kwa hiyo ukiniuliza, kwa hayo uliyonieleza, nani ameua samaki wa shemeji, jibu langu ni hili: banda na rundo la samadi kwanza, matope yaliyolala bwawani pili, urea tatu. Na si wewe peke yako. Kijito kinapita kwa watu wengi kabla ya kufika kwako, na vyoo vilivyo karibu na maji navyo vina sehemu yao.

Je, uache mbolea kabisa? Hapana. Nchi yetu ya Kongo ni kati ya zile zinazotumia mbolea kidogo kabisa duniani, na udongo wa milima ya Kivu umechoka kwa kuvunwa bila kurudishiwa. Shamba lenye njaa linaota mimea dhaifu, majani machache, ardhi inabaki wazi, na ardhi iliyo wazi ndiyo inayoteremka. Nenda Walungu utazame ule udongo wanaouita kalongo, umechakaa mpaka maharagi yanakataa. Kuacha mbolea kungekupunguzia kabichi na huenda kukaongeza matope. Huko siko ninakokutuma.

Anza na banda, maana hiyo ndiyo kazi yenye faida kubwa kwa jasho dogo. Lihamishe juu, mbali na maji kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Hatua 30 ni bora kuliko 5, na kama inawezekana liwe upande wa juu wa shamba ili hata kinachotoroka kipite kwanza kwenye mimea yako. Usilioshe kwa ndoo za maji. Tandika majani makavu au maranda, yanywe mkojo, kisha uyakusanye. Mkojo wa nguruwe una nitrojeni nyingi na ndiyo inayokimbia kwanza. Chimba shimo la mboji, lizungushie kijiukuta cha udongo ili maji ya mvua yasiingie, na ulifunike kwa majani ya migomba au kipande cha hema. Baada ya miezi mitatu utakuwa na kitu cheusi kisichonuka. Hicho kiweke ndani ya mashimo ya miche, kisitandazwe juu.

Kisha urea. Igawe mara mbili: nusu wiki mbili au tatu baada ya kuhamisha, miche ikishashika, na nusu nyingine wiki ya tano au ya sita. Usiimwage. Chimba kijishimo cha vidole viwili pembeni ya mche, upana wa kiganja kutoka kwenye shina, tia, funika. Mvua ndogo baada ya hapo ni baraka. Ukiona wingu zito limekaa juu ya mlima Kahuzi, ngoja kesho. Najua unashuka Bukavu kuuza na kurudi ni taabu, kwa hiyo mwachie mtu wa nyumbani kazi hiyo na kifuniko cha chupa kama kipimo, maana mfuko uliotumika kwa haraka umeshakugharimu zaidi ya siku moja ya soko. Na kwa sababu mboji yako nayo ina nitrojeni, jaribu kwenye tuta moja au mawili kutumia urea pungufu kidogo uone kabichi inasemaje. Usipunguze shamba zima kwa neno langu tu.

Kuhusu kushika udongo, nitakuwa mkweli: ari 20 ni kidogo, na kila mstari wa nyasi unakula nafasi ya kabichi. Nimewaona wataalamu wakipita wakiwaambia wakulima waache mita 10 ukingoni, kisha wanapanda gari wanaondoka. Kwa shamba lako mimi ningeacha mita 3 mpaka 5 pembeni ya kijito, nipande nyasi za setaria au tripsakumu zilizobanana, na katikati ya mteremko mistari miwili ya nyasi hizo hizo ikikata mlima, si kuteremka nao. Nyasi hizo si hasara. Utakata kila mwezi, utalisha dende (simbilisi) na sungura, na samadi yao itarudi shambani. Matuta yako nayo yalale kukata mlima. Kama sasa yanateremka kwenda kijitoni, kila nafasi kati ya tuta na tuta ni bomba la kupeleka mali yako kwa shemeji.

Ila ujue nyasi haziwezi yote. Zinakamata matope pale maji yanapopita yakiwa yametawanyika. Kukiwa na kijifereji kilichokwisha kuchimbika, maji yanakusanyika humo na kupenya nyasi kama hazipo. Kizibe kijifereji juu, pale kinapoanzia, kwa mawe na mashina ya migomba. Na nitrati iliyozama chini inapita chini ya nyasi bila kusalimia, isipokuwa pale mizizi inapofikia maji. Ndiyo sababu nazungumza kwa uchungu juu ya mafunjo yaliyokatwa kwenye mabonde yetu. Ndani ya tope la mafunjo, mahali pasipo na oksijeni, kuna vijidudu vinavyoigeuza nitrati kuwa hewa ya kawaida, ile ile tunayovuta, na inapaa bila kumdhuru mtu. Hakuna mashine inayofanya kazi hiyo bure. Kama kati yako na bwawa la shemeji kuna kona yenye mafunjo au matete, hata ya upana wa nyumba, msiiguse.

Watu wa Bukavu wananiuliza pia kama mambo haya yataua sambaza, wale samaki wadogo, ziwani. Ziwa Kivu ni la ajabu: lina kina cha mita 485, na maji yake ya chini, mazito na yenye chumvi na gesi, hayachanganyiki na ya juu kirahisi. Sehemu kubwa ya virutubisho vinavyolisha mwani wa katikati ya ziwa inapanda polepole kutoka huko chini, haitoki kwenye mashamba yetu. Kwa hiyo kabichi zako haziligeuzi ziwa zima. Lakini ghuba na midomo ya mito ni kitu kingine. Pale maji ni machache, yamejifunga, na kila kinachotoka milimani na mitaroni ya mji, kama ule uchafu unaoteremka na mto Kawa, kinatua hapo hapo ambapo watu wanachota na kuogelea.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kuyaona nikiwa mbali. Ukiona mteremko umeanza kupasuka au kijifereji kimekuwa korongo la kuingia mtu, mwite agronomu wa sheferi (utawala wa chifu) aje asimame hapo, kwa sababu nyasi peke yake hazitalizuia. Samaki wakifa tena ghafla, chupa ya maji ichukuliwe siku hiyo hiyo, iwekwe mahali pa baridi na gizani, na ipelekwe kwa watu wenye maabara. Ulizeni kwenye kituo cha utafiti cha Lwiro, kisicho mbali nanyi, au kwenye kitivo cha kilimo cha chuo kikuu Bukavu. Huko ulizeni pia kupimwa nitrati kwa maji mnayokunywa, mara moja mwisho wa mvua na mara moja katikati ya kiangazi, maana kipimo cha siku moja kinaweza kudanganya. Na kamati ya maji ya kijiji iambiwe kuhusu chemchemi, kwa kuwa hapo yumo mjukuu wako na wajukuu wa wengine.

Kabla ya yote hayo, kuna kitu mnaweza kufanya wiki hii, wewe na shemeji, bila kulipa mtu. Amkeni alfajiri, mwende pamoja. Bebeni chupa tatu nyeupe za maji, zinazopitisha mwanga, zilizooshwa vizuri. Ya kwanza ijazwe juu ya shamba lako, kabla kijito hakijakugusa. Ya pili chini ya banda la nguruwe. Ya tatu pale maji yanapoingia bwawani. Ziandikeni, ziwekeni dirishani penye mwanga kwa siku kama kumi, vifuniko vimelegezwa. Mwani utaota ndani ya kila moja kulingana na chakula kilichomo. Si kipimo cha maabara na hakisemi chochote kuhusu usalama wa kunywa, lakini mtaona wenyewe kijani kinaanzia wapi. Kama chupa ya juu nayo imeota sana, kuna watu wengine wa kuzungumza nao huko mlimani. Kama kijani kinaanzia kwenye ya pili, niandikie, na kabla ya hapo muombe shemeji akusaidie kuhamisha banda: nguzo zenyewe ni nzito kwa mtu mmoja, naye ana sababu ya kushika upande wa pili.